Makumbusho Yaenda Kuposa

"Makumbusho," Mzee Mihayo alilirudia jina hilo, akilitafuna taratibu kama mtu aliyekutana na karanga mbovu. "Huyo Makumbusho ni mtu wa wapi?"

"Si mtu, mzee wangu. Ni nyumba," Modesta alijibu. "Nyumba ya kutunzia kazi za sanaa. Iko mjini, Nyakato."

"Nyumba haina baba?"

Modesta alikuwa amevuka kwa kivuko, akapanda bodaboda kutoka Kamanga, vumbi limempaka kope, na katika mahojiano yote aliyowahi kufanyiwa na wafadhili, wenye suti na wasio na suti, hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo. Bahasha ya fedha aliyoiweka juu ya kigoda ilikuwa palepale. Aliyeitazama ni jogoo tu.

Kilichomleta kilikuwa nyuma ya mzee, kimeegemea ukuta. Kabula. Msichana wa mti mwenye kimo cha mtoto wa darasa la nne, meno ya ng'ombe, shanga kiunoni, na mikono iliyoungwa kwa ngozi ili ivutwe kwa kamba kutoka nyuma. Usukumani mashindano ya ngoma hayana majaji wa kukaa mezani na kalamu. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule ambaye watu wamemkimbilia. Basi. Enzi zake Mihayo alikuwa manju, mwimbishaji na kiongozi wa ngoma, na kila mara kikundi chake kilipoanza kukimbiwa alimwinua Kabula juu ya vichwa. Kabula akirusha mikono, umati uliwaacha wapinzani na ngoma zao wakipigia nzi.

"Mwanangu, wewe umekuja vizuri, umeamkia," mzee alisema. "Yule mwingine, Pius, dalali wa vinyago, alianza kuhesabu noti kabla ya shikamoo. Nikamfungulia mbwa. Wewe nakujibu. Binti yangu siuzi. Naozesha. Lete wazee wako, lete mshenga. Ng'ombe wanane, wenye kwato, si ng'ombe wa kwenye simu. Na blanketi la mama yake."

Mama yake alikuwa Bibi Dorotea, aliyekaa mlangoni. Yeye ndiye aliyempaka Kabula siagi kila baada ya mavuno, tangu akiwa mwali katika boma lile.

"Na huyo bwana harusi," Dorotea alisema bila kuinua macho, "aje na watu. Siozeshi kwa mtu asiye na watu."

Modesta akairudisha bahasha mkobani. Jogoo peke yake ndiye aliyesikitika.

* * *

Nyumbani kwake ni vyumba viwili vilivyobandikwa nyuma ya ghala la zamani la pamba, na ghala hilo ndilo makumbusho yenyewe. Modesta alikuwa mkurugenzi. Alikuwa pia mhasibu, mlinzi, mkata tiketi na mwosha choo. Katika vyeo hivyo vyote kimoja tu kilikuwa na mshahara, nao ulikuja siku uliyojisikia. Mvua ikinyesha alihamisha picha kutoka ukuta wa mashariki na kuleta ndoo. Umeme ukiisha, wageni walitazama michoro kwa tochi za simu, na wengine walimpongeza kwa ubunifu.

Ghala lilikuwa mali ya chama cha ushirika. Chama hicho kilikwisha kula pamba, kikala na fedha ya pamba, kikabakiwa na kuta, na sasa kilikuwa kinazitolea macho hizo kuta. Katibu wake, Bwana Jonathan, ndiye huyohuyo mwenyekiti wa bodi ya makumbusho, yaani mwenye nyumba na msemaji wa mpangaji walikuwa mdomo mmoja. Naye alishatoa neno: Nanenane ikifika makumbusho hayajapata kitu cha kuvuta watu, ghala linakwenda kwa mfanyabiashara wa soda. Na ghala likienda, linakwenda na vyumba vya nyuma, na kitanda, na jiko, na mama mkwe.

"Kwa hiyo mzee amekataa," alisema Paulo, mumewe, fundi wa mashine za mitumbwi kule mwaloni, bandari ya wavuvi. Mikono yake ilinuka petroli hata siku ya ekaristi.

"Hajakataa. Anataka mahari."

Mama mkwe, Bibi Paskazia, mwanamke wa Nansio asiyejua kucheka kwa kiasi, alicheka mpaka akauweka chini ungo wa dagaa.

"Mkamwana, tangu nihamie hapa unaandika. Unaandika, unapiga mihuri, unapeleka, hawajibu. Leo mtu amekujibu kama binadamu anavyojibu binadamu, wewe unaniletea sura ya msiba?"

"Mama, tutatoa wapi ng'ombe? Tutatoa wapi wazee? Ghala halina ukoo!"

"Ghala halina, mimi ninao. Mji huu nani hajala mchango wangu? Yule meneja wa benki, sendofu ya dada yake nilichanga. Yule daktari wa meno, harusi yake nilichanga."

"Yule si ameachana na mkewe?"

"Ndoa imevunjika. Deni la mchango halivunjiki." Paskazia aliurudisha ungo mapajani. "Paulo, kuanzia leo wewe ni baba mdogo wa bwana harusi. Kanyoe."

* * *

Bodi ilikutana katika ofisi ya ushirika, chini ya feni lisilozunguka. Jonathan aliisoma taarifa ya Modesta akiwa ameishika kwa ncha za vidole.

"Mahari," alisema. "Unataka katibu wa kikao aandike kwenye muhtasari: mahari."

"Ndiyo bei yenyewe, mwenyekiti."

"Ununuzi una taratibu, mama. Nukuu tatu za bei, kutoka kwa wazabuni watatu. Ziko wapi?"

"Yaani tupose wasichana watatu, halafu tumchukue wa bei ya chini?"

Chai ilimpalia mweka hazina, Kanubhai. Ukoo wake uliuza bati na misumari Mwanza tangu babu, na Kiswahili chake kilikuwa na Usukuma mwingi kuliko cha Jonathan, aliyejitahidi kuufuta wake.

"Bwana Jonathan," Kanubhai alisema akijifuta kidevu, "miaka yote hii tunajadili paa linavuja. Tunaahirisha, linavuja. Leo mara ya kwanza kuna ajenda mimi nataka kujua mwisho wake."

"Bodi haina kasma ya mahari." Jonathan aliisukuma taarifa kando. "Na wewe Modesta, jifunze kutofautisha utawala wa taasisi na ngoma za porini. Ndiyo shida ya kumpa ofisi mtu aliyezoea kufagia."

Watu wakatazama meza. Modesta akatazama mikono yake, ambayo kweli ilikuwa imefagia asubuhi ile, na jana yake, kwa sababu bodi hiyohiyo ilimfuta kazi mfagiaji. Alitaka kulisema hilo, akaliona limechelewa. Kikao kikafungwa. Posho ya kikao ikasainiwa. Kasma hiyo haijawahi kukauka hata mwaka wa njaa.

Mlangoni Kanubhai alimgusa Modesta bega, akamwita kwa jina la binti yake. "Mama Precious. Kadi zikitoka, mimi nataka yangu ya kwanza. Mimi nimechangia harusi za mji huu mpaka za watu walioachana kabla picha hazijatoka. Hii ya ghala nitakosaje?"

* * *

Kwa miezi mingi Modesta alikuwa amezungusha barua za kuomba ufadhili. Aliziandika kwa adabu, akataja urithi, akataja vizazi vijavyo, akaambatisha picha. Benki ilimpa kalenda. Hoteli moja ilimpa kalamu isiyo na wino. Binti wa mapokezi wa kampuni moja ya samaki alimwambia kila mara, bila kutoa macho kwenye simu, "Acha hapo mama, tutakupigia." Nchi hii ina fedha ya semina ya kujadili ukosefu wa fedha, lakini kuokoa picha moja ukutani inaitwa anasa.

Kisha zikatoka kadi. Mwenye duka la uchapaji alikataa kuchapa bila jina la baba wa bwana harusi, maana fremu yake ya kadi ina nafasi ya jina la baba na nafasi haiachwi wazi, ni nuksi. Paskazia hakusita hata kidogo. Kadi zikasomeka: *Familia ya Mzee Ghala wa Nyakato inayo furaha kukutaarifu kuwa inatarajia kumwoza kijana wao mpendwa, Makumbusho. Ili kufanikisha shughuli hii, mchango wako wa hali na mali unahitajika.* Maua pembeni, njiwa wawili juu.

Modesta aliirudisha miguu yake kwenye mapokezi yaleyale akiwa amejikaza kama anayekwenda kung'olewa jino.

"Ee, Mama Precious!" Binti aliiweka simu chini. Aliiweka chini kabisa, kifudifudi. "Mna shughuli! Mbona kimyakimya? Kadi ni singo, ya mtu mmoja, au dabo?"

"Yoyote, mdogo wangu."

"Mimi niandikie singo, bosi mwandikie dabo, asipotoa mimi ndiye nitamsema. Sare ni rangi gani?"

Hakuna aliyeuliza vizazi vijavyo. Daktari wa meno alitoa bila kusoma, kwa mkono wa mtu anayelipa faini. Meneja wa benki alitoa na kuomba radhi kwa kalenda. Wanawake wa soko la dagaa hawakungoja kadi. Walisikia neno harusi, wakaja na mafungu yao na maswali yao.

Jumapili baada ya ibada kamati ilikaa ndani ya makumbusho. Kamati ya chakula, kamati ya mapambo, kamati ya usafiri, na kama desturi ilivyo, waliofika kwa wakati walisubiri wasiofika. Katika kusubiri huko, watu ambao hawakuwahi kukanyaga mahali pale kwa sababu ya tiketi walianza kuzunguka kutani. Mchuuzi mmoja wa dagaa, Masalu, mama mwenye sauti ya kuvuka ziwa, alisimama mbele ya picha ya wanawake wanaoanika dagaa akapiga kelele.

"Huyu ni mimi! Nani kanichora? Hata kanga ni yangu!"

"Wewe mgongo huo umeutoa wapi?" mwenzake akamjibu. "Huo ni wangu. Wewe ulikuwa mwembamba mwaka huo, ulikuwa unaumwa mume."

Walibishana mpaka mjumbe wa tatu akatoa hoja kwamba picha ihamishwe ukuta usiovuja, iwe ya nani iwe. Hoja ikapita. Modesta alisimama na ndoo yake mkononi, kicheko kimemjaa kifuani hana pa kukiweka. Wataalamu wa semina walimfundisha neno refu la jambo lile. Hapa lilikuwa linatokea lenyewe, na soda juu.

"Lakini bwana harusi mbona haonekani vikaoni?" aliuliza mzee mmoja aliyealikwa kwa ajili ya mvi zake.

"Umemkalia," Paskazia alimjibu.

Kanubhai aliinuka kutoa ahadi yake. "Mimi sitoi fedha. Mimi natoa bati, upande wote wa mashariki. Mkwe wetu atalala wapi, panapovuja?"

Wakapiga vigelegele hadi njiwa wa kweli wakaruka kutoka kwenye kenchi.

* * *

Kupeleka ng'ombe Sengerema ni kama kupeleka dagaa ziwani, lakini Mzee Mihayo alitaka kuona kwato, na kwato zikavuka. Ng'ombe watano, wamefungwa tepe nyeupe shingoni, walisimama kwenye kivuko baina ya lori la saruji na pikipiki, na dume mmoja alikwisha kula tepe la mwenzake.

"Mnakwenda wapi na ng'ombe waliopambwa?" abiria mmoja alimuuliza Paulo.

"Tunakwenda kuposa."

"Hongereni. Nani anaoa?"

"Ghala," Paulo alijibu, kwa uso wa kunyolewa na wa baba mdogo.

Yule abiria akasogea taratibu upande wa pili wa kivuko.

Bomani walipokelewa kama wakwe wanavyopokelewa, yaani kwa faini. Paulo alisalimia kabla mshenga hajafungua mdomo: faini. Masalu alimwita Kabula kinyago: faini, na ya pili kwa kupiga kelele alipotozwa ya kwanza. Paskazia, mshenga, alikuwa amekaa kwenye mkeka na kanga mpya, anapunguza ng'ombe mmoja mmoja kutoka wanane kama anayechambua mchele. Wazee wa Mihayo walijifanya wamekasirika, wakainuka, wakarudi. Kila mtu alikuwa na furaha isiyo na kifani. Kisha Modesta, ambaye mkaguzi wa hesabu alimfundisha kuogopa kila shilingi inayotoka, alinyoosha mkono.

"Samahani wazee. Hizi faini, naweza kupata risiti?"

Mihayo akawageukia wenzake. Wakanong'onezana.

"Faini ya kuomba risiti," alitangaza, "ni mbuzi."

Hata ng'ombe walionekana kucheka. Na wakati watu wanafuta machozi ndipo gari jeupe likaingia uani, akashuka Pius, dalali wa vinyago, na safari hii alikumbuka shikamoo. Baada ya shikamoo akataja bei. Ilikuwa bei ya zizi lote lile, na la jirani.

Kicheko kikakauka. Watoto wakubwa wa Mihayo wakatazamana. Mmoja alikuwa na mtoto chuoni, mwingine nyumba isiyo na paa. Modesta alihisi kitanda chake, jiko lake na ndoo zake zikipakiwa kwenye lori la soda.

"Kaa," Mihayo alimwambia Pius. "Msichana mwenye wachumba wawili ni heshima kwa baba yake. Watu wako wako wapi?"

"Niko na dereva."

"Dereva ndiye baba mdogo?"

Dereva, ambaye alishakaribishwa ugali na kuku, alisema na tonge shavuni, "Hapana mzee, mimi naendesha tu."

Mihayo akamrudia Pius. "Na binti yangu anakwenda kukaa wapi?"

"Kwa mteja wangu, nje. Nyumba nzuri sana, mzee. Ataangaliwa na watu wakubwa."

Bibi Dorotea alitoka mlangoni na kibuyu cha siagi. Hakumtazama mumewe wala fedha. "Akiumwa, utatuambia?"

Pius alicheka, kwa upole, kama anavyocheka mtu mwenye gari. "Bibi, mti hauumwi."

Dorotea akamgeukia Modesta. "Na kwenu? Akiumwa?"

Modesta angeweza kudanganya. Maneno yote ya ripoti yalikuwa kinywani, yamepangwa. "Mama, kwetu ataumwa," alisema. "Sikufichi. Kuna unyevu, kuna mchwa. Masika iliyopita maji yaliniharibia picha moja, nikakaa chini nikalia."

"Ulilia picha?"

"Nilikuwa nimeizoea, mama. Kila asubuhi nikifungua tulikuwa tunatazamana." Akafuta pua kwa mgongo wa kiganja. "Lakini Kabula akiumwa, nitakupigia siku hiyohiyo."

Dorotea akamkabidhi kibuyu. "Siagi asiwekewe nyingi makwapani," alisema. "Inamnatisha mikono."

Vigelegele vya Masalu vilisikika, wanaapa waliokuwepo, mpaka ng'ambo. Pius aliondoka akiendesha mwenyewe. Dereva alisema atakuja na kivuko cha jioni, maana kulikuwa bado na paja.

* * *

Jumamosi ya kabla ya Nanenane, Kabula aliingia Nyakato juu ya pikapu ya matarumbeta, amevishwa shela, Paulo nyuma akivuta kamba ili bibi harusi apunge mkono. Wafanyakazi wa viwandani walitoka kwenye mageti kutazama. Bati mpya za Kanubhai ziling'aa kwa jua. Uani masufuria ya pilau yalikuwa yamepangwa, na wakwe kutoka ng'ambo, wazee kwa vikongwe, walikuwa wanashuka kwenye lori wakilalamikia barabara kwa raha kabisa.

Jonathan alikuwa amesimama mlangoni. Vijana wawili pembeni yake, na mkononi kufuli jipya, bado lina plastiki.

"Simamisheni hiyo kelele," alisema, na tarumbeta la mwisho likafa kwa mlio wa mbuzi. "Mkataba wa pango unasema makumbusho. Hausemi ukumbi wa harusi. Mmevunja kifungu. Nafunga sasa hivi, na Jumatatu mwenye soda anaingia." Akamtazama Modesta, akapaza sauti wasikie wote. "Na wewe ukatafute pa kufagia."

Modesta alikuwa na kibuyu cha siagi mkononi, mumewe juu ya pikapu, na binti yake Precious ameshika keki. Kifungu kweli kilikuwepo. Wenye kuandika vifungu huvitega kama mtego wa panya, kisha hukaa pembeni wakiimba.

Mzee Mihayo alipita kati yao wote kwa fimbo yake akaingia ndani, polepole, kama mzazi anayekagua atakapolala mwanawe. Aliangalia sakafu. Aliangalia nguzo. Halafu akainua uso kwenye kenchi, na pale katikati, juu ya picha ya dagaa, ilikuwa inaning'inia ndoano kubwa ya chuma ambayo Modesta hakuwahi kupata ngazi ya kuifikia.

"Hiyo ndoano naijua," alisema.

"Mzee, naomba utoke nje," Jonathan alisema.

"Ilikuwa ya mizani. Nilikuwa kijana, nilileta pamba hapa. Kila kilo iliyoning'inia hapo walikata senti. Nikauliza, hii senti ni ya nini? Wakaniambia, ya kujenga ghala lenu." Akamgeukia Jonathan mlangoni, akamwita kwa cheo cha wakuu wa vijiji wa zamani. "Ng'wanangwa, ghala letu. Hivyo ndivyo walivyosema."

"Na mimi walinikata!" sauti ilitoka kwenye lori.

"Na marehemu wangu! Mpaka anakufa anakatwa!"

"Mzee, hayo ni mambo ya zamani," Jonathan alisema. "Hati iko ofisini."

"Mwenyekiti," Modesta alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, ndogo lakini imenyooka, "ya zamani si ndiyo kazi ya nyumba hii?"

Mtu akacheka. Mihayo aliinua fimbo.

"Kwetu ubishi hauamuliwi kwa mdomo. Wewe katibu, simama hapo na kufuli lako. Mimi nasimama kule na binti yangu. Watu wana miguu." Akamwambia Paulo, "Mwinue."

Paulo alimwinua Kabula juu ya vichwa, shela likadondoka, akavuta kamba. Mzee Mihayo, mwenye magoti mabovu, akatoa sauti. Ilikuwa sauti ya manju, iliyokuwa imewekwa mahali pakavu kwa miaka mingi, na ilipotoka wakwe wote waliijibu kama watu walioitwa majina yao. Kabula alirusha mikono. Matarumbeta yakadandia. Masalu aliondoka kwanza, kifua mbele. Nyuma yake kamati ya chakula na miiko. Nyuma yao kamati ya mapambo. Meneja wa benki na tai yake. Binti wa mapokezi. Daktari wa meno ambaye hakuwa amecheza tangu talaka. Kanubhai alitembea, kwa sababu ya presha, lakini alitembea akitikisa mabega. Wafanyakazi wa viwandani, ambao hawakualikwa, hawakuuliza.

Upande wa pili alibaki Jonathan na vijana wake wawili. Kijana mmoja alitazama pilau, akatazama kufuli, akasema, "Bosi, samahani, yule mzee wa fimbo ni wa kwetu," akavuka. Mwenzake alikimbia.

Katibu wa ushirika akasimama peke yake kwenye ua mpana ule, na kufuli lenye plastiki, kama mtu aliyeshuka kituo ambacho si chake. Kisha akaliweka juu ya dirisha la tiketi, labda ili ajifute jasho, na alipoondoka hakurudi kulichukua.

Mihayo alikaa chini ya ndoano, anahema, amejaa kicheko. "Nimeonewa!" alisema. "Nilidhani nampeleka binti yangu ugenini. Kumbe nimemwozesha nyumbani kwangu!"

"Nyumbani kwako?" Paskazia aliruka kama aliyekalia kaa la moto. "Kama ni nyumbani kwako, basi turudishie ng'ombe!"

* * *

Ng'ombe hawakurudi. Shauri la ghala lilikwenda kwenye mkutano mkuu wa wanachama wa ushirika, ambao kwa miaka mingi haukutimiza akidi. Mara hii ulitimiza, na ulikaa chini ya ndoano, kwa sababu wanachama wenyewe ndio wale waliokula pilau. Mwenye soda akatafuta ghala lingine. Jonathan akapewa likizo ya kujibu maswali, na maswali yalikuwa marefu, kwa kuwa yaliulizwa na watu waliokatwa senti tangu ujana na hawakusahau hata moja.

Modesta anafagia bado, lakini sasa anafagia nyumba isiyovuja. Tatizo lake jipya la utawala ni wakwe. Wanakuja na kuku, wanapita dirisha la tiketi bila kupunguza mwendo. "Nilipe? Naingia kwa mkwe wangu, nilipe?" Bibi Dorotea anapiga simu kila Jumatatu, na Modesta anatoa taarifa kamili: amekula siagi, mikono mizuri, anawasalimu.

Wiki moja baada ya harusi alipata ngazi. Alipanda mpaka kwenye ndoano, akatundika kufuli, na chini yake akabandika kibao kama afanyavyo kwa kila kinachoingia: *Kufuli. Chuma. Halijawahi kutumika. Zawadi ya Mwenyekiti wa Bodi.*

Wanafunzi wa shule moja ya jirani walikuja. Walimtazama Kabula akicheza, wakapiga makofi, halafu msichana mmoja akainua kidole kwenye kenchi.

"Shikamoo mama. Na kile nacho kinacheza?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu," Modesta alisema. "Kile kilijaribu. Watu wakakimbilia upande wa pili."